Kadi ya Harambee Iliyookoa Mguu Wangu

Kama unasoma haya ukiwa umelala chali, mguu umening'inizwa kwa kamba, na kazi yako ya siku nzima ni kuhesabu mbao za dari, basi nakuandikia wewe. Mimi nilizihesabu mbao za wodi ya wanaume kule Kitale mpaka nikazijua kwa sura. Ya tisa kutoka dirishani ilikuwa na doa la maji lenye umbo la ndizi. Mambo ya kitaalamu sitayagusa, hayo waulize madaktari. Nitakueleza tulivyongoja, mguu ulivyobadilika, na jinsi nilivyotafuta wakili bila kujua wakili hulipwa vipi. Nilikosea, nikakosea tena, halafu nikashinda.

Naitwa Njoroge. Wazazi wangu walihamia Saboti kutoka Nyeri kabla sijazaliwa, nami nikakulia chini ya Mlima Elgon nikiamini kwamba kila barabara imetengenezwa kwa ajili yangu. Nilimaliza kidato cha nne, nikajaribu ukarani, nikatoroka. Nilikuwa na baiskeli nyeusi iliyonifikisha Kapenguria, Endebess, Chwele, hata Malaba. Mama alikuwa akisema nina miguu ya mbwa wa sokoni. Nilipomwoa Nekesa, msichana wa Tongaren, watu walitegemea nitatulia. Nikapata kazi ambayo haitulii: kuzunguka na mashine ya kupukuchua mahindi.

Hata leo nikisikia mlio wa mashine ile mbali, mwezi wa Novemba, husimama nikatega sikio kama kijana anayemngoja mchumba. Tulikuwa tunahama shamba hadi shamba, mashine ikikokotwa na trekta, makapi yakituingia masikioni, tukila githeri ya moto, mahindi na maharagwe, kwenye majani ya mgomba. Mwenye trekta na mashine alikuwa Simiyu, mkulima mkubwa wa Tongaren, mwenye kicheko kikubwa na kofia ambayo hakuivua hata kanisani mpaka mchungaji amwangalie.

Kati ya trekta na mashine kuna chuma kinachozunguka kwa kasi, tulikiita shafti. Kina kifuniko chake. Chetu kilikuwa kimevunjika tangu mwanzo wa msimu, nami nilimwambia Simiyu mara mbili.

"Njoro, tumalize hili shamba kwanza," alinijibu. "Kifuniko hakipukuchui mahindi, bana."

Mchana mmoja nilikuwa nimejifunga gunia kiunoni kuzuia vumbi. Niliinama kuokota mhindi mmoja, ncha ya gunia ikanaswa na shafti. Nakumbuka nikivutwa, nakumbuka anga, na sauti ya Simiyu akipiga kelele, "Zima! Zima!" Mguu wa kulia ulivunjika mara mbili chini ya goti, na mfupa ukatoka nje kuangalia dunia.

Wodini, kitanda cha jirani kilikuwa na mzee mmoja wa Kapsokwony aliyevunjika nyonga. Alinikaribisha namna hii: "Kijana, huo mguu uko juu kama antena. Umeshika stesheni gani?"

Ndiye aliyekuwepo siku ya nne alipokuja mwanamume mwenye mkoba. Alikuwa na koti safi na maneno laini, akipita kitanda kwa kitanda akiwauliza waliogongwa na magari na walioumia kazini. Alisema anatoka kwa wakili mkubwa, na kwamba sitatoa hata ndururu.

"Pesa ikitoka tunagawana nusu kwa nusu. Weka kidole hapa."

"Najua kuandika," nilisema.

"Kidole ni haraka, brother."

Karatasi yenyewe haikuwa na maandishi mengi. Nilikuwa na homa, na mtu aliyeniahidi kitu bila kudai kitu nilimwona malaika. Nikaweka kidole. Alipoondoka, mzee akageuza shingo polepole. "Mtu anayekugawia ng'ombe ambaye hajamwona," alisema, "anakugawia kamba tu." Nilicheka. Sikumwona tena yule wa mkoba.

Januari bili ya hospitali ilikuwa imetuzidi, na sikuruhusiwa kwenda nyumbani kabla haijalipwa. Watu wa Nekesa wakaandaa harambee katika uwanja wa kanisa lao Tongaren. Simiyu alijitolea kuwa mgeni rasmi. Alijitolea pia kuchapisha kadi za mwaliko, na alienda mwenyewe kwa mchapishaji mjini Kitale akamsomea maneno ya kuandika, kwa sababu mwaka huo alikuwa akitaka kiti cha udiwani. Alikuja na vipaza sauti na marafiki, akatoa mchango mkubwa, akanishika mkono mbele ya watu. Mimi nilikuwa nimepewa ruhusa ya siku moja, nikaletwa na gari la kanisa, mguu ukiwa kwenye plasta, nikalia machozi ya kweli. Baba mkwe alisimama akasema kwa niaba ya familia, "Simiyu, umetutendea wema. Hatuna neno na wewe."

Kumbuka hayo maneno. Yalikaa ndani ya mguu wangu muda mrefu kuliko plasta.

Plasta ilitolewa wakati wa kupanda. Nilitegemea kutembea. Wakati wa palizi, kipele kikatokea kwenye muundi, kikapasuka, usaha ukaanza kutiririka, na haukukoma. Kovu likifunga hapa, tundu linafunguka pale. Kila dawa ilinipa wiki tatu za furaha. Mguu ulikonda ukawa kama wa mtu mwingine, mfupi kwa upana wa vidole viwili, na ulikuwa na harufu. Watu hawasemi juu ya harufu, kwa hivyo nasema mimi: niliacha kwenda kanisani kwa sababu ya harufu. Nekesa aliosha vitambaa kila asubuhi kwa maji ya chumvi, akavianika nyuma ya nyumba ambapo wapita njia hawaoni. Kwa miaka miwili sikumwona akiziba pua. Lakini alikuwa na ulimi.

"Baba Wambui," aliniita kwa jina la binti yetu, "unakaa hapo kama gunia la mbolea. Ile karatasi uliyoweka kidole imefika wapi?"

"Wakili anashughulikia."

"Wakili gani? Si uniambie jina, nimpelekee salamu."

Sikuwa na jina. Ukweli ni kwamba sikutaka dai lolote liendelee. Mama yangu alikuwa amelisema wazi, naye alinipenda: "Njoroge, mtu alikuja akawa mgeni rasmi kwa shida yako. Umekula mkononi mwake. Sasa umpeleke kotini? Watu watatuita nini?" Nami niliona hivyo hivyo. Niliamini kwamba nilipopokea mchango ule, kesi ilikwisha palepale uwanjani, mbele ya mashahidi mia mbili. Kadi ya harambee niliitupa kwenye kikapu cha kuni, iwashie moto.

Mavuno ya tatu yalipokaribia, daktari aliinua picha ya mfupa wangu kwenye mwanga wa dirisha. Ndani kulikuwa na kipande cha mfupa kilichokufa. Nilihitaji upasuaji mkubwa kule Eldoret, kukitoa chote na kujaza mahali pake. Bila hivyo, alisema, siku moja ataukata mguu chini ya goti ili kuniokoa mimi.

"Unaweza kungoja?" niliuliza, kana kwamba mguu ni mtu.

"Utangoja kidogo. Hautangoja milele."

Hatukuwa na pesa za upasuaji, wala hakuna mtu anayefanyiwa harambee mbili kwa mguu mmoja. Asubuhi iliyofuata Nekesa alinivalisha shati nyeupe. "Twende Bungoma," alisema. "Nimeuliza. Kuna wakili mwanamke anaitwa Naliaka. Na usiniambie habari ya aibu. Aibu haina usaha."

Ofisi ilikuwa juu ya duka la vitambaa, upande wa kwenda Kanduyi, ngazi ishirini na mbili za saruji. Nilizipanda kwa matako, moja moja, magongo yakibebwa na mke wangu. Ndani palikuwa na benchi kama la hospitali, na watu wale wale: mwenye bandeji, mwenye bahasha ya kaki, mama anayesinzia. Tuliketi tangu saa tatu hadi saa nane. Karani alinisogezea kiti cha pili nipumzishe mguu, bila kuombwa. Huruma ndogo kama hizo ndizo zilizonivusha miaka ile. Zihesabu na wewe.

Naliaka alikuwa mwembamba, wa makamo, anayeandika huku akikusikiliza. Kwanza alitaka kujua lini. Nilipomwambia, alihesabu kwa vidole. "Dai la kuumia kwa uzembe wa mtu lina miaka mitatu. Umebakisha wiki saba. Nani mwingine ana hii kesi?"

Nilimweleza habari ya mkoba. Aliuliza, akaandika barua, akapiga simu, na baada ya siku chache alipata jibu: hakuna kesi iliyofunguliwa popote. Kidole changu kilikuwa kimelala kwenye mkoba wa mtu.

Siku hiyo ya kwanza, kabla hajakubali kitu, nilimuuliza swali lililokuwa likinichoma. "Tukishinda, utachukua nusu?"

"Nani alikuambia nusu?"

"Yule wa mkoba."

Aliweka kalamu chini. "Sikiliza, Bwana Njoroge. Sheria hainiruhusu kupatana na wewe kwamba nitakula fungu la fidia yako. Ada yangu inafuata ratiba ya sheria, kulingana na ukubwa wa dai na kazi yenyewe. Tutaandika, utasoma, mama hapa atasoma, halafu mtatia sahihi. Sahihi, siyo kidole."

"Na kama sina kitu sasa?"

"Ada inaweza kungoja. Gharama hazingoji. Kufungua kesi kunalipiwa, ripoti ya daktari inalipiwa, mtu wa kupeleka samansi ya kumwita Simiyu kotini analipwa nauli. Hizo si zangu, na utapewa risiti ya kila moja. Tukishinda, kwa kawaida koti huamuru aliyeshindwa alipe gharama za kesi. Hizo zitakupunguzia mzigo, lakini usidhani zitaumaliza. Na tukishindwa, wewe unaweza kuamriwa uwalipe wao."

Nekesa alishtuka. "Mtu aliyevunjika ndiye alipe?"

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana nauliza maswali mengi kabla sijasema ndiyo."

Nilitoka nikiwa na hofu, lakini kwa mara ya kwanza nilijua ninachoogopa. Hofu yenye jina inabebeka.

Gharama za kuanzia zilitoka kwa baiskeli yangu. Niliiuza kwa muuza maziwa wa Kiminini. Sikutaka kumtazama akiondoka nayo, lakini alipofika langoni alipiga kengele mara mbili, na tangu siku hiyo kila alipopita alfajiri alipiga kengele mara mbili. Nilikuwa nikilala nikiingoja.

Kesi ilifunguliwa kotini Bungoma ikiwa imebaki siku tisa. Halafu tukangoja. Tulipangiwa wakati wa kupanda, hakimu akawa likizoni. Tukapangiwa wakati mahindi yanatoa ndevu, faili likakosekana. Mguu ulifunguka tundu la nne. Kampuni ya bima ya Simiyu ilikuwa na wakili wake, na jibu lao lilikuwa fupi: Njoroge hakuwa mfanyakazi wa Simiyu. Alikuwa mpita njia aliyekuja kuokota punje zilizomwagika, akaisogelea mashine bila kuitwa.

Ilikuwa kweli kwamba sikuwa na barua ya kazi. Nani huandikiwa barua ya kupukuchua mahindi? Tulilipwa mkononi jioni, na wenzangu wa mashine walikuwa wametawanyika, wawili Uganda, mmoja hajulikani. Naliaka alimtafuta mkulima mmoja awe shahidi, lakini mkulima aliyaona magunia yake tu, nani ni nani hakujua.

Wiki moja kabla ya kusikizwa, alituita. "Kuna kitu kingine chochote kati yako na Simiyu? Alikulipia hospitali? Alikutumia mtu?"

"Hapana," nilisema.

Nekesa alinitazama kama mtu anayemtazama kuku akiingia barabarani. "Baba Wambui."

"Nini?"

"Mwambie harambee."

Nikaona sakafu inazama. Nilikuwa nimemficha wakili wangu jambo hilo mwaka mzima, kwa sababu niliamini likijulikana nimekwisha: nilipokea, nikashikwa mkono, baba mkwe akasema hatuna neno. Nilieleza yote macho yakiwa chini. Naliaka hakukasirika, ila sauti yake ilikauka.

"Mficha uchi hazai, Bwana Njoroge. Ulitia sahihi mahali kwamba dai limekwisha?"

"Hapana. Nililia tu."

"Kulia si hati. Mchango ni mchango. Palikuwa na kadi?"

"Niliitupa kwenye kuni."

Nekesa alifungua mkoba wake, akatoa kitabu chake cha nyimbo. Kati ya kurasa, ikiwa na doa la moshi pembeni, palikuwa na kadi. "Niliiokota," alisema. "Ilikuwa na jina lako. Singechoma jina lako."

Naliaka aliisoma. Akaisoma tena. Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: akacheka mpaka karani akachungulia mlangoni.

Siku ya kusikizwa, Simiyu alikuja na suti na kofia, akaivua kofia hakimu alipomwangalia. Hakunitazama. Wakili wa bima alimwongoza vizuri. Njoroge alikuwa nani? Kijana wa kuzurura na baiskeli, kila mtu alimjua. Aliwahi kumwajiri? La. Lakini hata hivyo alimsaidia?

"Kwa huruma tu," Simiyu alisema, kifua kikipanda. "Nilikuwa mgeni rasmi kwa harambee yake."

Naliaka alisimama. Alizungumza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia.

"Bwana Simiyu, harambee ilikuwa kubwa?"

"Kubwa sana. Watu walijaa."

"Kadi zilikuwa nzuri, nasikia."

"Nililipia mimi. Karatasi ngumu, siyo hii ya kukunjika."

"Na maneno, yaliandikwa na nani?"

"Mimi. Nilimsomea mchapishaji mwenyewe. Sikutaka makosa."

Alimpa ile kadi. Wakili wa bima aliinuka kupinga, hakimu akaitazama kadi, akasema shahidi amekwisha kukiri kuwa maneno ni yake, asome. Simiyu alivaa miwani. Alianza kwa sauti ya jukwaani, kisha sauti ikawa inapungua kama redio inayoishiwa betri:

"Karibuni tumsaidie kijana wetu Njoroge, mfanyakazi hodari wa mashine ya Mgeni Rasmi, Bwana Simiyu, mwajiri anayejali, ambaye kijana huyu aliumia akiwa kazini kwake akihudumia wananchi wa Tongaren."

Simiyu alivua miwani. Nyuma yangu mtu alisema chini chini, "Ati mwajiri anayejali!" na kicheko kikapita kwenye mabenchi kama upepo kwenye mahindi. Hata hakimu aliinamisha kichwa kuandika muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mama yangu, aliyekuja kwa shingo upande akiwa amevaa leso yake ya kanisani, alinifinya mkono. "Kumbe alijua," alinong'ona. "Alijua, na bado akasema hakujui." Tangu hapo hakusema tena neno la aibu.

Tulishinda. Hakimu alisema sehemu moja ya kumi ya kosa ni yangu, kwa kuvaa gunia karibu na shafti niliyojua iko wazi, na sikuona ubaya. Ni kweli niliijua. Sehemu tisa zilikuwa za Simiyu, na bima yake ikalipa. Naliaka alituketisha tena kwenye kile chumba, akaweka karatasi mbili sambamba: tuliyotia sahihi alipoikubali kesi na ya hesabu ya mwisho. Nekesa alipitisha kidole mstari kwa mstari. Zilikuwa sawasawa. Nilishuka ngazi zile ishirini na mbili kwa magongo, nimesimama wima.

Eldoret walikitoa kipande kile cha mfupa. Daktari alinionyesha ndani ya chupa, cheusi kama gunzi lililoungua. Nilingoja usaha wakati wa mvua, haukuja. Nilingoja wakati wa mavuno, haukuja. Jumapili moja nilirudi kanisani, nikaketi katikati ya watu, na hakuna aliyesogea. Fundi viatu wa Kitale aliniongezea soli ya kulia kwa mpira wa tairi, unene wa vidole viwili, akakataa malipo ya gundi.

Sasa nina mashine yangu ndogo ya kupukuchua. Nazunguka tena, Saboti hadi Tongaren, na siiwashi kabla sijaweka mkono juu ya kifuniko cha shafti, kama watu wanavyogusa Biblia. Msimu mmoja Simiyu aliniita shambani kwake. Alikaa akinitazama nikikagua kifuniko, halafu kicheko chake kikubwa kikarudi.

"Njoro, ile kadi! Haikunipa udiwani, ikaninyima na kesi, karatasi moja!"

"Ilikuwa karatasi ngumu, mzee," nilimwambia. "Siyo ya kukunjika."

Mwezi uliopita vijana wa kanisa walikuja nyumbani. Mwenzao ameanguka kutoka juu ya lori la magunia, mgongo umeumia, yuko katika wodi ile ile. Wanaandaa harambee na walitaka niwe mgeni rasmi. Walikuwa na kadi ya mfano, yenye jina langu kwa herufi kubwa. Niliisoma mara mbili. Ilisema tu "kijana wetu aliyepata ajali."

Nikaomba kalamu. Chini ya jina lake nikaongeza mstari mmoja: lori la nani, kazini kwa nani, siku gani. "Chapisheni hivyo," niliwaambia, "na ya kwanza kabisa mpelekeeni mke wake. Mwambieni asiwashie moto."